Kamera ya Milioni 15 na Ndege wa Chekereni

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, ambapo mwaka mpya wa fedha wa Serikali huanza, wakuu wa idara huketi na wahasibu wao kupanga nini kinunuliwe na nini kingoje. Miongoni mwa mambo ambayo wasomaji wetu, na hasa wale walio katika ofisi za habari, wamekuwa wakituuliza ni hili la kamera za kisasa zisizo na kioo, zile zinazosifiwa kwamba hakuna kitendo chenye kasi ya kuzikimbia. Je, zafaa kununuliwa kwa fedha za umma? Je, gazeti la Visiwani, au klabu ya mpira, au idara yenye mpiga picha mmoja na gari la kuazima, ina haja nazo?

Swali hili si dogo. Kamera moja ya namna hiyo, Sony A9 III, ilipotangazwa Novemba 2023 iliwekewa bei ya dola 5,999 za Kimarekani, bila ya lenzi. Kwa kiwango cha wakati ule cha shilingi kama 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 15, kabla ya nauli, bima na ushuru. Mtu huweza kuanza msingi wa nyumba kwa fedha hizo.

Hatukutaka kulijibu swali hilo kwa kusoma vijitabu vya wauzaji tu, maana mwenye kuuza samaki hasemi kuwa ameoza. Tuliiazima kamera hiyo kwa mpiga picha wa wanyama aishiye Moshi, pamoja na lenzi yake ya milimita 200 hadi 600, tukakaa nayo siku tatu katika mashamba ya mpunga ya Chekereni. Yafaa tuseme mapema kwamba gazeti hili halina biashara na kampuni yoyote ya kamera. Mwenye kamera naye hakututaka lolote ila tumrudishie mali yake bila ya mchanga.

Msomaji wa Visiwani huenda akashangaa. Kwa nini Chekereni, na sisi tuna bahari, ngalawa na ng'ombe wa Pemba? Jibu ni kwamba tulitaka kitu chenye kasi kuliko vyote hivyo, kisha kiwe kitu ambacho picha yake ina kazi ya kufanya. Chekereni ni kijiji cha tambarare, kusini mwa mji wa Moshi, chini ya miteremko ya Kilimanjaro. Maji ya mito ya Rau na Njoro hushushwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ambao ulijengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Hapo hapo Chekereni kipo chuo cha kilimo ambacho kimewafunza wakulima na maofisa ugani kutoka sehemu nyingi za nchi namna ya kulima mpunga wa kumwagilia. Mkulima wa Cheju au wa Kibokwa akifika huko hatajiona mgeni: matope ni yale yale, mashina ni yale yale, na adui ni yule yule mwenye mbawa.

Adui huyo kwa Chekereni ni kwelea kwelea. Ni ndege mdogo, urefu wake sentimita 12 hivi na uzito wake wapata gramu 20, na akiwa peke yake hamtishi mtu. Lakini hatembei peke yake. Wataalamu hukadiria kwamba kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku, na kwa hesabu hiyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kabla ya jua kutua. Makundi ya ukubwa huo si hadithi katika Tanzania. Ndiyo maana mpunga unapoanza kupiga njano watu hujenga madungu, hushika makombeo na madebe, wakaamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi; na kundi likiwazidi nguvu, Serikali hulazimika kuleta eropleni ya kunyunyizia sumu mahali ndege wanapolala. Shirika la kupambana na nzige wa jangwani katika Afrika Mashariki limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ndege kwa ndege. Sumu ina gharama yake, na haichagui kati ya kwelea na kipanga anayemla kwelea. Hivyo anayeomba eropleni yampasa aweze kusema kundi lake ni kubwa kiasi gani, na anayeombwa yampasa aweze kuamini.

Sasa tuieleze kamera yenyewe, kwa ajili ya wale wanaotia saini hati za malipo bila ya kuwa wapiga picha.

Kamera ambazo wengi wetu tulikua nazo, kuanzia zile za ukoo wa Nikon F iliyotoka mwaka 1959, zilikuwa na kioo kidogo kilichoegemea ndani ya tumbo la kamera. Nuru ikiingia kwenye lenzi hupiga kioo hicho, ikapanda juu, ikamfikia mpiga picha jichoni. Akibonyeza, kioo huruka juu, pazia hufunguka, filamu hupata nuru, pazia hufungwa, kioo hurudi. Ule mlio wa "klak" uliozoeleka katika mikutano ya hadhara ulikuwa ni wa kioo na pazia. Kuna jambo la ajabu hapo ambalo watu hawalifikirii: katika nukta ile ile ya kupiga, mpiga picha alikuwa kipofu, kwa kuwa kioo kimemziba. Mpiga picha aliyesema "niliona bao likiingia", kama picha anayo, basi bao lenyewe hakuliona.

Kamera isiyo na kioo imekiondoa kioo hicho. Nuru huangukia moja kwa moja juu ya kihisi, yaani bamba lililochukua nafasi ya filamu, na kile kihisi kinachokiona huonyeshwa katika kijiluninga kidogo kilicho kwenye tundu la kutazamia. Mwaka 2008 Panasonic ilileta G1, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika ukoo huu. Kwa miaka kadhaa wapiga picha wa michezo walizicheka: kijiluninga kilichelewa, na mchezaji aliyeonekana ndani yake alikuwa keshapita. Kicheko kilikoma mwaka 2017 ilipotoka Sony A9 ya kwanza, iliyopiga picha 20 kwa sekunde bila ya kumziba mpigaji jicho hata mara moja. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake duniani kote watapewa kamera za kampuni hiyo. Mwaka 2021 Nikon ilitoa Z9, ikaliondoa hata pazia. Yachekesha kidogo kufikiri kwamba taifa lililotukopesha fedha za mifereji ya Chekereni ndilo hilo hilo linaloziunda kamera hizi takriban zote. Sony, Canon na Nikon makao yao ni Tokyo.

Pazia likiondoka, kihisi chenyewe ndicho kinachofungua na kufunga macho. Na hapo ndipo penye siri, na ndipo penye sababu ya bei. Kihisi cha kawaida hakisomi picha nzima kwa mara moja. Husoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, kama mtoto wa chuoni asomaye msahafu kwa kidole. Kamera nyingi za bei ya wastani, zikipiga bila ya pazia, huchukua baina ya sehemu ya 15 na ya 30 ya sekunde kumaliza kusoma. Tufanye hesabu. Ndege arukaye kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, katika sehemu ya 15 ya sekunde husogea sentimita 67. Kwelea mzima ana sentimita 12. Maana yake, kihisi kinapofika kwenye mistari ya chini, ndege aliyekuwapo kilipoanza juu hayupo tena hapo. Matokeo ni mbawa zilizopinda kama mkaja uliofuliwa vibaya, na kichwa kilichotangulia mwili. Picha haikutikisika, ila ndege aliyemo ndani yake hajapata kuwako duniani.

A9 ya mwaka 2017 ilipunguza kasoro hiyo kwa kusoma kihisi chote katika sehemu ya 160 ya sekunde hivi, na kwa hesabu yetu ndege husogea sentimita 6, yaani nusu ya mwili wake. A9 III haisomi kwa mistari kabisa. Vitone vyake vyote milioni 24.6 hufungua na kufunga kwa wakati mmoja. Ni kamera ya kwanza ya biashara kufanya hivyo ikiwa na kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35.

Huko Chekereni tulilishuhudia jambo hilo kwa macho. Asubuhi, Mlima ungali wazi kabla ya kujivika mawingu yake ya saa tatu, makundi yalishuka juu ya majaruba ya upande wa mashariki kama moshi unaosukumwa na upepo. Mwamiaji mmoja akarusha jiwe kwa kombeo, moshi ule ukapasuka. Katika picha tulizozipiga kwa kamera hii, kila unyoya wa bawa ulikaa mahali pake, ndege wa mbele na ndege wa nyuma vile vile, na ukingo wa mfereji ulibaki umenyooka. Kwa kamera ya pili tuliyoichukua kwa ajili ya kulinganisha, ya bei ya chini na isiyopigwa kwa pazia, tulipata mbawa za kukunjamana na nguzo za dungu zilizolala upande kila tulipomfuata ndege kwa lenzi. Mwamiaji alizitazama picha zote mbili, akacheka, akasema hawa wa pili wamelewa.

Jambo jingine lililotupendeza ni uwezo wa kupiga picha kabla ya kubonyeza. Maneno hayo yana sura ya uchawi, lakini kazi yake ni nyepesi kueleweka: ukikigusa kifungo nusu, kamera huanza kuzikusanya picha na kuzitupa, ikibakisha zile za sekunde moja iliyopita, ukibonyeza kikamilifu, huzihifadhi na hizo. Kwelea hampi mtu taarifa kwamba sasa anaruka. Jicho likiona na kidole kikitii, keshaondoka. Kwa njia hii tulipata picha za kundi likiwa lingali juu ya masuke, ndege wa kwanza ameinua mbawa na wengine hawana habari. Kamera yenyewe humtambua ndege na kulifuata jicho lake, na kwa ndege mmoja mmoja ililifanya hilo kwa namna ambayo mpiga picha wa miaka ya 1970 angeliona ni dhuluma kwa ufundi wake. Katikati ya maelfu, bila shaka, kuna macho mengi mno ya kuchagua.

Tusifie kwa kiasi. Kasi yake ya mwisho ni picha 120 kwa sekunde. Mkanda wa filamu uliokuwa na picha 36 ungekwisha kwa thuluthi ya sekunde. Lakini tumbo la kamera lina mwisho: hushika picha 192 hivi za ubora wa juu, kisha hupunguza mwendo ili izimeze kwenye kadi. Hiyo ni sekunde 1.6 tu. Na msomaji afikirie kitu kinachofuata. Mpiga picha aliyebonyeza kwa namna hiyo mara 20 katika asubuhi moja hurudi ofisini na picha 3,840. Akiitazama kila moja kwa sekunde mbili, atakaa zaidi ya saa mbili bila ya kunyanyuka, na mhariri amesimama mlangoni. Sisi tulipunguza hadi picha 30 kwa sekunde siku ya pili, na hatukuona tulichokikosa.

Kihisi chake nacho kimeilipia kasi hiyo. Kamera nyingi za leo huanza katika wepesi wa nuru wa ISO 100. Hii huanza 250, na wapimaji wa kamera wameonyesha kwamba haishiki kiza na mwanga kwa pamoja vizuri kama wenzake wa bei hiyo hiyo. Kwa mtu anayetaka theluji ya Kibo iliyo juu na kivuli cha migomba kilicho chini viingie katika picha moja, si hii aitafutayo. Betri yake, kwa kipimo cha kampuni yenyewe, hutosha picha kama 400 kwa kutumia tundu la kutazamia, ijapokuwa kwa kupiga mfululizo huzidi sana. Kwa upande wa uzito haina lawama: gramu 703 pamoja na betri na kadi, ambapo Z9 hupita kilo moja na robo.

Baada ya hayo, turejee nyumbani, kwani swali letu lilikuwa ni la Visiwani.

Ni kitendo gani chetu kilicho na kasi ya kwelea? Tuanze na mchezo wa ng'ombe wa Pemba, unaosemwa kuwa ni urithi wa Wareno. Tuseme ng'ombe aliyekasirika huko Wingwi au Pujini anakwenda mita 8 kwa sekunde. Kamera ya wastani ikitumia pazia lake la chuma, na siyo kihisi peke yake, pazia hilo huvuka picha katika sehemu ya 250 ya sekunde hivi. Ng'ombe atakuwa amesogea sentimita 3, naye ni mnyama wa urefu wa mita mbili. Hakuna jicho litakaloiona kasoro hiyo. Tuchukue ngalawa katika mashindano, iliyopata upepo mwema wa kusi, tuipe mita 5 kwa sekunde: itasogea sentimita 2. Mlingoti wake hautapinda. Kwa mambo haya mawili, ambayo ndiyo fahari yetu, ile siri iliyoipandisha bei A9 III haina la kutuongezea. Kinachotakiwa ni lenzi ndefu, chombo kisichoogopa maji ya chumvi, na mtu anayejua ng'ombe atageukia wapi. Hilo la tatu haliuzwi Tokyo.

Kuna mahali ambapo hesabu hubadilika, napo ni Uwanja wa Amaan usiku. Mabango ya matangazo na taa za siku hizi humweka kwa kasi ambayo jicho haliioni, na kamera isomayo kwa mistari huyachora mabango hayo kwa mapande ya giza na mwanga, kana kwamba yamefunikwa jamvi. Kamera inayofunga macho kwa mara moja haina mapande hayo. Agosti 2025 mechi za CHAN zilichezwa hapo Amaan, na AFCON ya mwaka 2027 imekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni watakuja na vyombo vyao. Kwa uwanja huo, na kwa mpiga picha anayeingia humo kila wiki, tunakubali kwamba kuna hoja. Lakini hata hapo kamera si mwanzo wa hesabu, kwani usiku ni lenzi inayokusanya nuru ndiyo inayoamua. Lenzi ya milimita 300 yenye uwazi wa 2.8, iliyotangazwa siku moja na kamera hii, ilikuwa na bei ile ile ya dola 5,999. Ile ya milimita 400 ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa karibu dola 12,000. Anayeidhinisha kamera peke yake ameidhinisha jahazi bila ya tanga.

Basi tuseme idara imepata dola 12,000, thamani ya kamera hii na lenzi yake ya 300. Tufanye ununuzi mwingine kwa fedha hizo, kwa bei za kutangazwa za huko nje. Canon EOS R7, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 1,499, hupiga picha 15 kwa sekunde kwa pazia la chuma, nayo pia haina kioo na inamtambua mtu, mnyama na ndege. Tununue tatu. Kila moja tuipe lenzi ya milimita 100 hadi 400, iliyotoka kwa dola 649. Tuongeze lenzi moja nzito ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa 2.8, kwa ajili ya usiku na ukumbi, iliyotoka kwa dola 2,699. Jumla haifiki dola 9,200. Wapiga picha watatu wana kazi, mmoja Unguja, mmoja Pemba, mmoja wa akiba. Na zimebaki dola zaidi ya 2,800.

Hizo zilizobaki tungezitia wapi? Hapa maoni yetu huenda yasimpendeze kila mtu. Tungenunua kwanza kabati kavu. Hewa ya Visiwani ni adui wa lenzi kuliko mchanga wa Chekereni. Kuvu huota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui, na ikishaota lenzi ya dola 6,000 haina tofauti na ya dola 60. Kisha tungenunua diski za kuhifadhia, mbili kwa kila picha, moja ikae Unguja na nyingine Pemba. Tangu mwaka 1930, Ranchhod Oza alipofungua studio yake ya Capital Art hapa Mji Mkongwe, familia moja imetuachia sura za Unguja ambazo mpaka leo watu huzinunua na kuzitundika. Filamu iliyowekwa vizuri husubiri. Faili la kompyuta halisubiri mtu. Diski ikifa, picha za miaka mitano zimezikwa bila ya hitima. Ofisi ngapi zinaweza kuitoa leo, kwa jina na tarehe, picha ya mashindano ya ngalawa ya miaka 10 iliyopita?

Na tungebakiza za mafunzo. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 mbele ya wenzake tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.2. Picha zake za siku ile, anapoufikia mwisho na John Walker nyuma yake, zilipigwa kwa filamu, kwa kamera zenye kioo, na watu waliosimama mahali panapostahili kwa sababu waliijua riadha. Mohamed Amin, kijana wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alifanya kazi yake ya miaka zaidi ya 30 kwa vyombo ambavyo leo mwanafunzi angevikataa. Hatusemi kwamba chombo si kitu. Kama Amin angekuwa hai, hapana shaka angeitaka hii. Tunasema kwamba aliyekuwa nacho na asiyekuwa nacho hawakupimwa kwa chombo.

Lipo jambo moja dogo ambalo kamera hizi zote zimelileta, kubwa na ndogo, nalo twalipenda bila ya masharti: ukimya. Katika Baraza la Wawakilishi, katika maulidi, katika mazishi, ule mlio wa kioo ulikuwa ni utovu wa adabu uliosamehewa kwa kukosa njia. Sasa njia ipo, tena hata katika kamera ya bei ya chini, maana mzee anayezungumza taratibu hapindi kama bawa la kwelea.

Ofisi ya kilimo ni habari nyingine, na tungependa ndugu zetu wa wizara walisome hili kwa makini. Iwapo kazi ni kuhesabu na kutambua ndege wanaoruka, basi kusoma kihisi kwa mara moja ni msaada wa kweli, kwa kuwa ndege aliyepinda hatambuliki kuwa ni kwelea au ni mwingine asiye na hatia. Hata hivyo kamera moja ya namna hiyo kwa nchi nzima, ikikaa katika taasisi inayoshughulikia afya ya mimea na kupelekwa mahali kundi linapozuka, ingetosha. Haina maana kila wilaya iwe na yake kabatini.

Siku ya tatu jioni afisa ugani mmoja pamoja na wakulima wanne walikuja kuzitazama picha kwenye kompyuta. Ile tuliyoipenda sisi, ya ndege mmoja mbele ya Kibo iliyogeuka rangi ya dhahabu, waliipita bila ya neno. Walitua kwenye ile ambayo sisi tulikuwa karibu kuifuta, ya kundi zima juu ya mfereji, haina uzuri wowote. Wakaigawa kwa mistari katika miraba iliyo sawa, wakachagua mraba mmoja wenye ndege wengi, mmoja wenye wachache na mmoja wa wastani, wakahesabu kwa ncha ya kalamu, kila mtu akiandika yake kwanza bila ya kumwonyesha mwenzake. Zilipokaribiana wakachukua wastani na kuzidisha kwa idadi ya miraba. Afisa aliiandika hesabu hiyo kwenye daftari lake pamoja na saa na jina la mfereji, akatuomba nakala ya picha. Ilikuwa nzito mno kupita kwenye simu yake, tukaipunguza hadi ukubwa ambao kamera yoyote ya kawaida ingeutoa, ikapita.